Kujiandaa, ukiwa Dodoma, kwa kazi ya msimu ya kuongoza boti za mpira kwenye maji makali

Mtu akisikia kwamba kijana wa Dodoma anataka kuwa mwongozaji wa boti za mpira kwenye mito yenye maji makali, swali lake la kwanza huwa ni moja: mto wenyewe uko wapi? Swali hilo ni la haki. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na makorongo yetu hujaa kwa saa chache kisha hubaki mchanga mtupu kwa miezi. Kazi yenyewe hufanyika kwingine: Jinja nchini Uganda, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria, Livingstone nchini Zambia, ndani ya korongo la Mto Zambezi chini ya Maporomoko ya Viktoria, na Sagana nchini Kenya, kwenye Mto Tana. Kinachofanyika Dodoma ni maandalizi, nami naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya maandalizi hayo, pengine yote isipokuwa wiki chache za mwisho, yanaweza kufanywa vizuri na mtu anayeishi mbali na mto, kwa kuwa hakuna mteja anayemsubiri wala mwajiri anayemharakisha.

Kalenda nayo iko upande wetu. Likizo ndefu ya vyuo vikuu huangukia kati ya Julai na Oktoba. Mto Zambezi hujaa sana karibu na Aprili, kisha hupungua, na kuanzia Agosti hadi Desemba sehemu kubwa ya korongo lake hupitika kwa boti. Nile ya Jinja, kwa kuwa hulishwa na ziwa, ina maji mwaka mzima. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kufanya kazi katika likizo ijayo anapaswa kuanza mazoezi mwezi Novemba mwaka unaotangulia. Miezi minane inatosha kwa mtu mwenye bidii, hata kama leo hajui kuogelea.

Kuogelea kwanza

Usianze na kitu kingine chochote. Nimewaona vijana wenye mikono mikubwa na vifua vipana, waliozoea kubeba magunia ya mahindi, wakishindwa siku ya pili ya mafunzo kwa sababu maji yalipowafunika usoni waliingiwa na hofu. Nguvu hujengwa haraka. Utulivu ndani ya maji huhitaji muda mrefu.

Hapa mjini mabwawa ya kuogelea yapo kwenye hoteli kadhaa, na nyingi hupokea watu wa nje kwa malipo ya kiingilio. Nenda asubuhi za katikati ya wiki, wakati hakuna watoto wengi, na umwombe mtu anayejua kuogelea vizuri awe nawe, kwa kuwa mazoezi ya pumzi ndani ya maji hayafanywi na mtu peke yake hata kidogo. Lengo la kwanza ni kuogelea mita 200 bila kupumzika. Ukilifikia, ongeza hadi mita 400, kisha uzirudie hizo mita 400 ukiwa umevaa fulana, kaptula na viatu vyepesi, maana hivyo ndivyo utakavyokuwa mtoni. Jifunze pia kukaa juu ya maji kwa dakika 10 bila kushika ukuta, na kujizungusha kutoka tumboni kwenda mgongoni bila kumeza maji.

Usihamishie mazoezi haya kwenye mabwawa ya wazi. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko, na maji yaliyotuama ya mabwawa yetu yanaweza kuwa na kichocho. Wala usijaribu korongo lililofurika, hata kama maji yanakufikia kiunoni tu. Maji ya ghafla hubeba miti, waya na mawe, na hakuna mtu aliyesimama chini kukusubiri na kamba.

Yapo mambo mawili ya kuogelea kwenye mto ambayo bwawa la hoteli haliwezi kukufundisha yote, lakini mwili unaweza kuyazoea mapema. La kwanza ni kulala chali huku miguu ikitangulia kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, makalio yakiwa yameinuliwa ili yasigonge mawe. Hivyo hukaa mtu anayesubiri sehemu mbaya ipite. La pili ni kugeuka tumboni na kuogelea kwa nguvu zote, kwa mshazari wa mkondo, ili kufika palipotulia. Anayejua la kwanza tu atabebwa mpaka poromoko linalofuata, yaani sehemu nyingine ya maji makali. Katika mawimbi, vuta pumzi ukiwa kwenye bonde kati ya wimbi na wimbi, kwa sababu kileleni ndiko maji hukuvunjikia usoni.

Na usisimame. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu lilinipata mwenyewe. Katika wiki yangu ya kwanza ya mafunzo nilianguka kutoka kwenye boti mahali ambapo maji yalionekana kunifika mapajani, na mwili wangu, ambao tangu utotoni ulikuwa umezoea kuvuka makorongo kwa miguu, ukaamua kusimama. Mguu wa kushoto uliingia kati ya mawe mawili. Mkondo ukanisukuma mgongoni, nikainama mbele, uso ukaingia majini, nikashindwa kuinuka. Mwalimu alikuwa karibu, akanishika jaketi la kuokolea kwa nyuma na kunivuta kinyume na mkondo mpaka mguu ukachomoka. Jambo hilo halikuchukua hata nusu dakika. Tangu siku hiyo nafundisha kwamba mtu hasimami mpaka maji yawe chini ya magoti na mikono yake imeshagusa chini.

Kusoma maji katika mto usio na maji

Mwongozaji haishindi nguvu ya mto. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na Nile pale Jinja hupitisha kiasi cha mita za ujazo 1,000 kila sekunde. Zaidi ya hapo, mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya kitu kilichosimama huongezeka mara nne. Kwa hiyo kazi ya mwongozaji ni kuona mapema maji yanakwenda wapi, kisha kuiweka boti mahali ambapo maji yenyewe yataipeleka panapofaa. Huko ndiko kusoma maji, na ndiyo elimu kuu ya kazi hii. Mengine yote huisaidia.

Mtu wa Dodoma ana kitabu kizuri cha elimu hiyo, nacho ni korongo kavu. Mtoni, maji hufunika kila kitu na mwanafunzi huona povu tu. Katika korongo lililokauka baada ya mvua, kila kitu ambacho maji yalifanya kimebaki wazi, na unaweza kukikalia na kukipima kwa mkono. Mwezi Mei nilikwenda na binamu yangu, ambaye alikuwa anajiandaa kwa msimu wake wa kwanza, kwenye korongo lililo kusini mwa mji. Katikati palikuwa na jiwe lenye kimo cha mbuzi. Upande ambao maji yalitokea, mchanga ulikuwa umechimbwa kama sahani kulizunguka jiwe hilo, kina chake kikifika gotini, na chini yake udongo mweusi ulikuwa umepasuka. Upande wa pili palikuwa na mkia wa mchanga laini, mrefu kuliko mtu aliyelala, na juu ya mkia huo palikuwa na kandambili moja ya bluu, vijiti vya mtama na kopo la mafuta. Nikamwuliza, “Kwa nini kandambili imesimama hapa na haikuendelea?” Akatazama kwa muda, akaenda upande wa juu, akarudi. Akasema, “Kaka, hapa maji hayakuwa yanakwenda. Yalikuwa yanarudi.”

Alikuwa ameielewa edi. Hilo ndilo jina ambalo waongozaji wengi huyaita maji yanayozunguka na kurudi nyuma ya jiwe, kinyume na mkondo mkuu. Hapo ndipo boti husimama kupumzika, hapo mtu aliyeanguka huogelea kwenda, na hapo mwongozaji huegesha kuwasubiri wenzake. Kati ya edi na mkondo mkuu kuna mstari, nao una nguvu. Boti inayouvuka taratibu hugeuzwa na inaweza kupinduka, ndiyo maana mstari huo huvukwa kwa pembe na kwa kasi.

Tembea korongo lote kwa namna hiyo. Kwenye kona, tazama jinsi ukingo wa nje ulivyoliwa hadi mizizi ya miti ikaning’inia, na jinsi ukingo wa ndani ulivyojaa mchanga. Maji yenye kasi hupita nje ya kona, na bila makafi boti itapelekwa huko huko, chini ya ukingo uliochimbwa. Kwa hiyo kona huingiwa kutoka ndani. Tazama mti ulioanguka ukiwa umekamata majani, matambara na nyasi kwenye matawi yake. Maji yalipita, vitu vikabaki. Mtu naye angebaki, akibanwa na maji yote yanayotoka juu, na kwa sababu hiyo mti uliolala mtoni unatisha kuliko wimbi kubwa linalopiga kelele. Ukikuta mahali ambapo miamba miwili imeyabana maji, tazama njia iliyonyooka kati yake: mtoni utaiona kama ulimi laini wenye umbo la V, ncha yake ikielekea chini, na mara nyingi ndiyo njia ya kupita. V ambayo ncha yake inaelekea juu, unakotoka, inakuonyesha kwamba kuna jiwe limejificha pale kwenye ncha.

Shimo ni jambo la kuangalia kwenye video, kwa kuwa mchanga hauwezi kukuonyesha vizuri. Maji yakimwagika juu ya jiwe kubwa na kushuka kwa nguvu, sehemu ya juu yake hujikunja na kurudi nyuma, ikamshikilia mtu au boti pale pale. Shimo ambalo pembe zake mbili zinaelekea chini ya mto hukutoa kwa urahisi kuliko lile ambalo pembe zake zinarudi juu. Simamisha video kabla boti haijaingia kwenye poromoko, sema kwa sauti itapita wapi na kwa nini, kisha uendelee kutazama. Binamu yangu alifanya hivyo kila usiku kwa mwezi mzima, na alipofika mtoni walimu wake walidhani amewahi kufanya kazi mahali pengine.

Maporomoko hupangwa katika madaraja 6. Daraja la 1 ni maji yanayotiririka kwa mawimbi madogo tu. La 3 lina mawimbi makubwa na linahitaji kuiongoza boti kwa ustadi. La 5 ni refu, lenye nguvu na hatari ya kweli, na njia yake hukaguliwa kutoka ukingoni kabla ya kuingia. Daraja la 6 si la wateja. Katika Zambezi, kwenye poromoko linalojulikana kama namba 9, wateja hushuka na kutembea juu ya mawe, na hakuna mwongozaji mwenye akili anayeona aibu kwa hilo. Kumbuka pia kwamba mto hubadilika. Bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012 na la Isimba lililozinduliwa mwaka 2019 yalifunika baadhi ya maporomoko ya Jinja, kwa hiyo simulizi za waongozaji wa zamani kuhusu mto huo ni za kusikilizwa kwa heshima, lakini njia ya leo iulizwe kwa watu wa leo.

Kafi, mgongo na sauti

Boti ya kawaida ya wateja huchukua watu 6 hadi 8, kila mmoja na kafi lake, na mwongozaji hukaa nyuma akitumia kafi lake kama usukani. Kupiga kafi kunaweza kujifunzwa Mtera, ambako wavuvi hutumia mitumbwi na makafi kila siku. Barabara ya lami ya kwenda Iringa inapita hapo hapo bwawani. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa anapanga nyavu zake, “Shikamoo mzee,” nikamweleza shida yangu, naye akakubali nimsindikize asubuhi iliyofuata. Sikuwa nimefika mbali alipoanza kunirekebisha. “Usivute kwa mikono tu, mwanangu, utachoka kabla hatujafika kwenye nyavu. Inama, peleka kafi mbele, halafu uvute kwa mgongo.” Mafunzo niliyolipia baadaye yalinieleza jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Ukienda, lipa mafuta au chakula cha siku, vaa jaketi la kuokolea ulilolileta mwenyewe, na umtii mwenye mtumbwi kuhusu viboko bila kubishana.

Nguvu ya mgongo na miguu hujengwa kwa vilima vyetu vya mawe. Beba mfuko wa mchanga wa kilo 15 hadi 20, panda taratibu, shuka taratibu, mara tatu kwa wiki. Kuta za korongo la Zambezi hufikia kiasi cha mita 200, na baada ya siku nzima kwenye maji wewe na wateja wako mnaweza kulazimika kuzipanda kwa miguu chini ya jua la Oktoba.

Sauti hudharauliwa sana. Amri za boti ni chache: mbele, nyuma, kushoto nyuma, kulia nyuma, acha, shikilia, ingia ndani. Zinatakiwa zisikike juu ya ngurumo ya maji, zitoke tumboni, na zitoke mapema, kwa sababu wateja huchukua sekunde moja au mbili kuelewa na nyingine mbili kuanza kufuata. Wateja wengi watakuwa wageni, hivyo jifunze amri hizo kwa Kiingereza pia na uzitamke kwa namna moja kila mara. Kabla ya safari utatoa maelezo ya usalama kwa dakika 10 au 15. Yafanyie mazoezi mbele ya ndugu zako nyumbani, kisha umwulize shangazi au mdogo wako afanye nini akianguka majini. Akishindwa kujibu, maelezo yako hayajakamilika.

Kamba na huduma ya kwanza

Mfuko wa kurushia kamba una kamba ya mita 15 hadi 20 inayoelea. Unaweza kushona wako kwa turubai na kamba ya kuelea inayouzwa kwa wavuvi, kwa ajili ya mazoezi tu. Weka ndoo umbali wa mita 15 kwenye uwanja wa mpira, shika mwisho wa kamba kwa mkono mmoja, paza sauti “Kamba!” na urushe mfuko upite juu ya ndoo, maana kamba inayofika mbele ya mtu haina faida kwake. Ukikosa, vuta kamba kwa mizunguko mikubwa na urushe tena kabla sekunde 20 hazijaisha. Endelea hadi uweze kulenga mara 9 kati ya 10, kisha urudie umechoka, baada ya kukimbia. Aliyeokolewa aelekezwe kushika kamba kifuani, ipite begani, alale chali. Asiizungushe mkononi kamwe, wala mwokoaji asijifunge nayo kiunoni.

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, nayo ni ya lazima. Zingatia hasa mtu aliyezama. Yeye amekosa hewa, kwa hiyo pumzi huja kwanza: miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5, kisha kifua hukandamizwa mara 30 kwa kila pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika na kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Usimning’inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili atoe maji, ingawa utaona watu wengi wakifanya hivyo. Hupoteza muda na huweza kumfanya atapike na kupaliwa.

Kuomba nafasi

Andika kwa kampuni mwezi Februari au Machi, ukieleza kwa ukweli ulichokwisha kufanya. Uwe umetimiza miaka 18, uwe na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Waulize mambo manne: mafunzo ni ya wiki ngapi na nani hulipia, nani anashughulikia kibali cha kazi, bima inamhusu mwanafunzi au mteja tu, na kama wanafuata viwango vya Shirikisho la Kimataifa la Rafti (yaani boti hizi za mpira), ambalo hutathmini waongozaji kwa madaraja. Muhuri wa kuingia nchini si ruhusa ya kufanya kazi. Nilipokuwa naanza, nilituma ada ya mafunzo kwa watu walioniahidi nafasi kwa simu tu, bila karatasi yoyote, na nilipofika nafasi haikuwepo na fedha hazikurudi. Omba mkataba ulioandikwa kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Msimu wa kwanza hutaongoza wateja mara moja. Utabeba boti, utajaza upepo, utapika chakula cha mchana, utakaa mbele ya boti ya mwongozaji mkongwe ukitazama, na baadaye utaongoza boti yenye wanafunzi wenzako. Kila safari iandike kwenye daftari: tarehe, kimo cha maji, njia uliyopita, nani alianguka na wapi. Daftari hilo ndilo utakalolionyesha siku ya kutathminiwa.

Jioni, vifaa huoshwa kabla ya mtu kuoga. Kamba ya kurushia hutolewa yote mfukoni, hukaguliwa kwa vidole urefu wake wote kutafuta mahali palipokatika nyuzi, kisha hutandazwa kivulini ikauke. Kuirudisha mfukoni, usiizungushe kwa mduara kama kamba ya kufungia ng’ombe, kwa kuwa itajifunga fundo hewani siku utakayoirusha; ishindilie ndani kidogo kidogo, shubiri kwa shubiri, ukianzia na ncha iliyofungwa kwenye mfuko, na uache ncha ya kushika ikitokeza nje.